Barua kwa mwanangu: sanduku la bibi yako

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, ya pili baada ya magharibi nikiwa nimetulia. Unauliza mbona kwenye wasia wangu nimemtaja mwana wa marehemu kaka yako peke yake, na wewe uliyemuuguza bibi yako sikukuandikia hata sanduku lake.

Sikukuandikia kwa sababu wewe ni mrithi. Mrithi haandikiwi wasia, ila warithi wenzake waridhie baada ya kufa kwangu, na kuridhia kwa wafiwa usikutegemee. Nikifa leo, madeni yakishalipwa na wasia ukishatolewa, kinachobaki kinagawanywa mafungu 24: mama yako 3, kaka yako aliye hai 14, wewe binti 7. Fungu lako lipo hata nisiposhika kalamu. Yule kijana hana lake. Baba yake ametangulia mbele yangu, na maadamu ami yake yu hai, anamzuia. Angetoka nyumbani kwangu mikono mitupu. Ndiyo maana nimemwandikia minazi 30 ya ng'ambo, Bweni, na bakora yangu. Nimepiga hesabu, haifiki theluthi ya mali yangu, ambayo ndiyo mwisho wa wasia. Mtume alipoulizwa na sahaba wake Saad bin Abi Waqqas ausie kiasi gani, alimwambia hata hiyo theluthi ni nyingi.

Sasa sanduku. Njia yake ni hiba: nakupa ningali hai, unakubali, unalichukua. Hapo pa kulichukua ndipo watu wanapoteleza. Babu yako alisema mbele ya watu, "Samadari hii ya shangazi yenu," kisha akaendelea kuilalia mpaka siku ya kufa. Ikarudi kwenye mirathi. Huyu anaitaka, yule anaitaka, vikao havishi, nayo imesimamishwa ukutani kwenye banda la uani, mchwa wanaila. Ile miguu miwili ya kuchongwa uliyokuwa ukichezea utotoni, ukiifanya watoto na kuivisha vitambaa, ndiyo samadari yenyewe iliyobaki.

Sanduku hilo ni halali yangu. Shangazi yako nilimlipa sehemu yake zamani, na karatasi ninayo. Kaka yako naye nimempa saa ya ukutani na ile mashua, ameshavichukua, maana siwezi kumpa mtoto mmoja nikamwacha mwingine. Ananung'unika kwamba sanduku lina thamani zaidi kwa ile misumari ya shaba. Mwache anung'unike, mashua hajaitia hata majini.

Njoo kabla ya masika, uje na gari na watu wawili wa kubeba, ni zito kuliko unavyolikumbuka. Nitamwita jirani na imamu washuhudie. Kanga zilizomo si zako, ni za mama yako, atazitoa mwenyewe. Droo ya katikati imekwama, usiivute kwa nguvu. Inainuliwa kidogo upande wa kushoto ndipo inafunguka.

Baba yako