Kuhusu kuta za nyumba za maduka Mikindani

Ndugu, umeuliza kama zile nyumba za ghorofa za Mikindani, mji wa kale wa pwani karibu na Mtwara, zenye maduka chini ni za matofali, na kama ukuta unaobanduka unaweza kupigwa plasta ya saruji. Nyingi za zamani si za matofali: kuta zake ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, ambayo nayo ilipatikana kwa kuchoma matumbawe hayohayo, na ndiyo maana ni nene kiasi kile. Upana wa vyumba uliamuliwa na boriti za mikoko, ambazo kwa kawaida hazivuki mita 3 hivi, kwa hiyo duka huwa jembamba lakini refu kwenda ndani. Mfanyabiashara aliuza chini, penye baraza, akaishi juu.

Kuhusu plasta, nakusihi usitumie saruji. Ukuta wa chokaa hupitisha unyevu ukatoka. Saruji huufungia ndani pamoja na chumvi, jiwe likaanza kulika, na plasta ikadondoka tena na vipande vya ukuta wenyewe. Tumia chokaa na mchanga usio na chumvi, kwa tabaka nyembamba, ukizinyunyizia maji zisikauke haraka.