Mpokeaji Bora Ninayemjua Hajawahi Kuniomba Hela

Binamu, ujumbe wako nimeuona: "Kaka ushakuwa mzungu, kila Jumamosi uko uwanjani na jezi nyekundu unakula bata, na bati za bibi vipi?" Haya, nikujibu.

Uwanja wa futiboli ya Kimarekani, ule mpira wa kurushwa na kudakwa kwa mikono, wa chuo cha Ohio State hapa Columbus, Ohio, unabeba watu zaidi ya 102,000. Mimi simo. Ile picha nilipiga nje ya geti nikiwahi basi la kwenda kazini, na jezi ni mtumba. Mnaposema huku tunabeba boksi mnadhani ni msemo. Mimi nabeba maboksi kweli, ghalani, usiku kucha.

Lakini jezi siivui ng'o. Namba 4 ni ya Jeremiah Smith, kijana wa Florida aliyeanza chuo 2024 akiwa na miaka 18. Msimu wake wa kwanza tu alishika pasi 76, yadi 1,315, akafunga mara 15 kwa pasi. Na kazi yake, sikiliza vizuri, ni mpokeaji. Anakimbia, anarushiwa, anapokea. Mara nyingine kwa mkono mmoja. Ule mwingine nadhani kauweka akiba. Mrushie kuku aliye hai, mrushie jiwe la kusagia, mrushie deni la marehemu, atadaka na manyoya hayatadondoka.

Sasa njoo kwenu. Mwezi wa tatu nilirusha hela ya bati, ikatua mikononi mwako, hakuna hata mtu anayekukaba, ukaiangusha kwenye pikipiki. Nikarusha ada ya dogo, ikadondokea kwenye vijora vya harusi. Siku hizi nikifika penye "jina la mpokeaji", kidole kinataka kuandika Jeremiah.

Tarehe 20 Januari 2025 ilikuwa fainali ya vyuo, Atlanta, Ohio State yetu dhidi ya chuo cha Notre Dame. Simu nimeificha katikati ya maboksi. Tunaongoza 31–23 na jamaa wanatukimbiza. Jaribio la tatu kati ya manne ya kusogeza mpira mbele, zinatakiwa yadi 11. Will Howard, mrushaji wetu, akaurusha mpira mbali, Jeremiah kamwacha mlinzi wake anahangaika, akadaka: yadi 56! Ikaisha 34–23. Mimi nilipiga ukelele, boksi likanitoka. Ndani vyombo vya udongo. Barua ya onyo ninayo mpaka leo, na kucha ya dole gumba ndiyo kwanza inaota upya.

Kwa hiyo usije. Huku ukidondosha kitu kimoja unaandikiwa, na hakuna mjomba wa kukuombea msamaha. Usiuze shamba kwa ajili ya nauli. Ukiuza, usiniambie. Na kama unakuja kweli, fika kabla ya Novemba, kochi langu lipo, wali nitakupikia mwenyewe. Ila usije.

Nilipoondoka, bibi alikuwa ametega sufuria tatu chini ya paa linalovuja. Mvua ikipiga huku nazihesabu zile sufuria, silali. Ndiyo maana natuma tena, hata baada ya pikipiki yako.

Leo asubuhi nimerusha. Jina la mpokeaji nimeandika la bibi. Macho yamefifia, mikono inatetemeka, lakini mwanamke yule sijawahi kumwona akiangusha hata kikombe. Wewe kaa pembeni yake uwazuie watu wasimkabe mpaka afike duka la bati.