Duara la mita 30 halitoshi: pima kimo cha maji kwanza

Ndugu, umeuliza kama unaweza kuchora duara la mita 30 kuzunguka kila choo cha shimo hapa Kisumu, kisha visima vilivyobaki nje uviite salama. Mimi nilianza hivyohivyo mtaa wa Manyatta. Kisima kimoja kilikuwa nje ya maduara yote, nikakipaka kijani kwenye ramani. Maji yake yalipopimwa maabara yakakutwa na bakteria wa kinyesi, na mama mwenye kisima alikuwa akiwanywesha wajukuu bila kuchemsha. Sijaisahau siku hiyo.

QGIS, programu ya kuchorea ramani, haikukosea. Duara linachukulia kwamba uchafu husambaa sawa pande zote, ilhali maji ya chini ya ardhi yana mteremko wake. Kisima kilicho upande wa chini wa choo ndicho kinacholetewa uchafu. Cha upande wa juu, hata kikiwa karibu zaidi, huenda kikanusurika. Mwamba ukiwa na nyufa, maji hufika mbali upesi bila kuchujwa.

Kwa hiyo kabla ya kuchora chochote, teremsha futi kamba kisimani hadi iguse maji, uandike kina kutoka mdomoni. Kisha tafuta mwinuko wa mdomo huo. Simu itakukosesha kwa mita kadhaa. Data za SRTM nazo, yaani vipimo vya mwinuko vilivyopigwa kutoka angani, kisanduku kimoja ni kama mita 30 kwa 30. Ploti nzima na vyoo vyake na kisima chake inamezwa humo. Sisi tuliazima mpira wa levo wa fundi wa nyumba, ule unaopitisha mwanga na kujazwa maji, tukahamisha kipimo kutoka kisima hadi kisima. Kazi ya siku nne, matope hadi magotini. Ukitoa kina kwenye mwinuko unapata kimo cha maji, na visima vitatu visivyo kwenye mstari mmoja vinatosha kukuonyesha maji yanaelekea wapi. Tulipofanya hesabu hiyo, choo tulichokishuku kilikuwa juu ya kisima cha yule mama, ng'ambo ya barabara.

Pima tena baada ya mvua za Machi hadi Mei. Maji yakipanda, sehemu kavu chini ya choo hupungua, pengine shimo lenyewe likazama. Kina cha Februari peke yake kitakudanganya.

Hapo sasa ingia kwenye DRASTIC, njia ya Marekani ya 1987 ya kukadiria maji ya chini yanavyoweza kuchafuliwa kirahisi, inayopima mambo saba. Kina cha maji kina uzito wa 5, mteremko wa ardhi 1 tu. Kwenye jambo la udongo, ukifika udongo mweusi wa tambarare ya Kano, usiupe alama 1 ya mfinyanzi usiopasuka. Unaopasuka hupewa 7, yaani hatari zaidi, kwani mvua za kwanza hupita moja kwa moja kwenye nyufa. Na kumbuka njia hii huonyesha udhaifu wa ardhi, haijui vyoo viko wapi. Hivyo viweke kama tabaka lako mwenyewe.

Ukitumia ramani za zamani za Arc 1960, mfumo wa zamani wa kuratibu mahali, zibadilishe kwanza ziende WGS 84, mfumo unaotumiwa na GPS, la sivyo visima vyako vitahama takriban mita 300. Mimi viliniangukia mtaa mwingine kabisa.