Maswali kwa Fundi: Mashine ya Kufulia Iliyolala Stoo Miaka Thelathini

SWALI: Mzee, shikamoo. Marehemu shangazi yangu ametuachia nyumba hapa Upanga, na stoo tumekuta mashine ya kufulia ya Hoover, ile ndogo yenye roli mbili za kukamulia zinazozungushwa kwa mkono. Kibao chake kimeandikwa 0307. Haijawashwa kwa zaidi ya miaka thelathini. Fundi wa mtaani anataka kuichomeka kwenye umeme aone kama inazunguka, kisha aikwangue yote na kuipiga rangi mpya. Nimruhusu? – Msomaji, Upanga

JIBU: Marahaba, binti yangu, na poleni kwa msiba. Nakuomba umzuie fundi huyo, kwa yote mawili.

Mashine uliyoirithi ni ya aina ambayo Hoover ilianza kuitengeneza mwaka 1948 katika kiwanda chake cha Merthyr Tydfil, Wales, kiwanda kilichoacha kutengeneza mashine za kufulia mwaka 2009. Ukiangalia ndani ya tangi utaona sahani yenye mbavu ubavuni, na si nguzo katikati kama ilivyo kwenye mashine nyingi za Marekani za enzi hizo. Sahani hiyo ndiyo inayoyazungusha maji pamoja na nguo. Kwa kuwa ilitengenezwa kwa ajili ya umeme wa Uingereza, ambao volti zake hukaribiana na zetu na mizunguko yake ni 50 kwa sekunde kama wetu, kwa kawaida haihitaji transfoma, ila soma kwanza volti zilizoandikwa kwenye kibao.

Hatari kubwa imo kwenye nyaya. Mpira uliotumika kufunika nyaya za zamani hukauka na kupasuka, na ukiukunja kidogo tu humeguka kama biskuti, hata pale ambapo kwa nje unaonekana mzima. Bodi ya mashine ni ya chuma, na anayeitumia husimama kwenye sakafu yenye maji. Waya mmoja ulio wazi ukigusa bodi hiyo, anayeishika anaweza kupoteza maisha. Kwa hiyo nyaya zote zibadilishwe, na waya wa ethi (unaopeleka ardhini umeme uliovuja) ufungwe barabara kwenye chuma kilichosafishwa kutu. Mota iliyokaa kwenye unyevu na hewa ya chumvi ya mji wetu ikaushwe kwa kuwekwa karibu na balbu ya wati 60 kwa siku mbili, kisha ipimwe kwa mega, kifaa kinachoonyesha kama umeme unavuja kutoka kwenye nyaya za mota. Kipimo kikiwa chini ya megaomu 1, ipelekwe kwa wasukaji wa mota. Beringi na mkanda haviniumizi kichwa, kwa maana ukienda na vile vya zamani mkononi Kariakoo au Gerezani utapata vinavyolingana, au mtu wa kukuchongea. Sili ya ekseli ya ile sahani ndiyo ya kuhangaikia, kwa sababu ikivuja maji huifikia mota.

Kuhusu rangi, msimamo wangu ni mkali. Rangi ya kiwandani ikishakwanguliwa hairudi tena, na mkusanyaji yeyote huthamini zaidi mashine yenye mikwaruzo yake ya asili kuliko iliyong'arishwa kwa rangi ya gari. Ioshe kwa sabuni laini na kitambaa, uzuie kutu pale tu ilipoanza, na uache alama za mikono ya shangazi yako zibaki. Roli za mpira zisikae zimebanana. Legeza skrubu ya juu kila umalizapo, la sivyo zitapata bapa na hazitakamua sawasawa.

SWALI: Nimeuziwa Maytag ya Marekani yenye nguzo katikati ya tangi. Je, transfoma inatosha? – Mkusanyaji, Kinondoni

JIBU: Transfoma hupunguza volti lakini haibadilishi mizunguko ya umeme, ambayo Marekani ni 60 kwa sekunde. Mota iliyoandikwa mizunguko 1725 kwa dakika itazunguka takriban 1440 hapa kwetu, na ikipewa volti 120 kamili itapata joto kupita kiasi, kwa hiyo chagua transfoma ya volti 110 au hata 100. Nguo zitafuliwa polepole zaidi, na hilo halina ubaya. Sikiliza mota inapoanza: swichi ya kuanzia (inayokata umeme wa koili ya kuanzia mota ikishashika kasi) ikifunguka kwa mlio mdogo wa "tiki", endelea; usipousikia ndani ya sekunde chache, zima mara moja, kwa sababu koili ya kuanzia inaungua.

Mwambie pia fundi wako jambo hili kabla hajashika bisibisi: kwenye nyaya za Marekani mweusi ndio wenye moto, ilhali kwenye nyaya za zamani za Uingereza mweusi ni wa nyutro (unaorudisha umeme) na mwekundu ndio wenye moto. Anayezifahamu za Uingereza peke yake ataziunga kinyume, na mashine inaweza kufanya kazi vizuri tu huku sehemu za ndani zikibaki na umeme hata baada ya swichi kuzimwa.