Jibu: Twisted Metal ya 2012, mbona wengine wanaisifu na wengine wanaiponda?

Mkuu, umeuliza kama ununue CD ya mtumba ya Twisted Metal ya PS3, lile gemu la magari yenye silaha yanayopigana, maana maoni yanakuchanganya. Pande zote zina hoja. Waliokulia kwenye PS1 walizoea kila gari na dereva wake, na kila dereva na kisa chake cha kumalizana na Calypso, yule mwenye shindano. Hii ikaja na visa vya watu watatu tu: Sweet Tooth, Mr. Grimm na Dollface. Magari mengine yapo, ila hayana mwenyewe. Kelele zilianzia hapo, na mimi niko upande wao kabisa. Kucheza mtandaoni nako kulisumbua sana ilipotoka.

Lakini ukishika pedi, tamu balaa! Lile gari la aiskrimu la Sweet Tooth linageuka roboti, linaruka juu na kukumiminia moto. Ramani ni kubwa, majengo yanavunjika, hutulii hata sekunde.

Sasa hivi mechi za mtandaoni sahau, Sony walishafunga seva. Ila skrini inagawanyika hadi watu wanne. Kama una pedi na washkaji, chukua. Ukicheza peke yako, shusha bei kwanza.