Faili ya Access imegoma kufunguka? Inakili kwanza, usiikarabati

Ndugu yangu, umeeleza kwamba faili ya Access (programu ya Microsoft ya kuweka kumbukumbu kwenye majedwali) ya duka lenu haifunguki tangu stima ilipopotea juzi. Kila ukiibonyeza unaambiwa muundo wake hautambuliki, na kuna fundi amekushauri uikarabati tena na tena mpaka ikubali. Nakuomba usifanye hivyo. Inakili mara mbili: nakala moja itie kwenye flashi uiweke mbali, nyingine uifanyie kazi. Faili yenyewe usiiguse tena. Ukarabati wa Access ukikuta kipande usichoweza kukisoma hukitupa, na kikishatupwa hakirudi.

Haya yalinikuta kwenye ghala la ami yangu, Mwembe Tayari. Tunauza mchele, unga na mafuta kwa jumla, na deni za wateja zote zilikuwa ndani ya faili moja, inafunguliwa na kompyuta mbili kwa wayalesi, ya ami dukani chini na yangu ghorofani. Ilikuwa Ramadhani, saa kumi jioni, watu wamejaa wanataka bidhaa wawahi kufuturu. Stima ikapotea nikiwa katikati ya kuandika malipo. Iliporudi, faili ilianza kufunguka kisha ikajifunga. Ami hakunigombeza. Aliuliza tu, "Mwanangu, deni za watu ziko wapi?"

Nilianza na yale mepesi. Kando ya faili kulikuwa na kifaili kidogo chenye jina lilelile, mwisho wake .laccdb (kwa faili za .mdb huwa .ldb). Hicho ni cha kufuli. Access hukiweka ili ijue nani yumo ndani, na stima ikikatika ghafla hubaki. Hakikisha hakuna kompyuta yoyote iliyoifungua faili, ndipo ukifute. Tazama na ukubwa, kwani faili ya Access haivuki GB 2. Na kama yenu ni ya zamani, ya Access 97, huenda ni nzima kabisa: Access 2013 na zilizofuata haziifungui. Tafuta mashine yenye Access 2010 uigeuze huko.

Kisha fungua nakala kwa Notepad. Utaona herufi zisizosomeka, lakini mwanzoni kabisa patakuwa na maneno "Standard Jet DB" kama ni .mdb, au "Standard ACE DB" kama ni .accdb. Ukiyakuta, tumaini lipo. Ukikuta patupu toka juu hadi chini, hakuna programu itakayoleta kisichokuwamo. Nguvu zako zipeleke kutafuta nakala ya zamani, iwe kwenye barua pepe, flashi au kompyuta ya pili.

Sasa hapa ndipo nilipopata funzo. Niliikarabati nakala kwa Compact and Repair, yaani amri ya ukarabati iliyomo ndani ya Access, ikafunguka, ami akamshukuru Mungu. Lakini nilipolinganisha na daftari la wiki ile, mteja mmoja wa Kongowea alionekana hana deni, nasi sote tulijua anadaiwa. Mistari ilikuwa imetupwa kimyakimya. Lau ningalikarabati faili yenyewe, deni zile zingekuwa zimekwenda.

Nikachukua nakala nyingine ambayo haijakarabatiwa. Nikaunda hifadhidata mpya tupu (yaani faili nyingine ya Access) na kuyavuta majedwali kutoka kwenye ile mbovu moja baada ya jingine, maana ukiyavuta yote pamoja, moja likikwama huwezi kujua ni lipi. Yote yalikuja isipokuwa la deni. Hilo nililiunganisha tu (link) bila kulivuta, likabaki ndani ya faili mbovu huku nikilisoma kutoka kwenye ile mpya, kisha nikahamisha mistari kwa mafungu kwa kufuata namba zake: 1 hadi 1000, 1001 hadi 2000, na kuendelea. Fungu likigoma naligawa nusu, na nusu inayogoma naigawa tena, mpaka naufikia mstari wenyewe ulioharibika. Kwenye mistari hiyo nilikuta #Error, na karibu yote ubovu ulikuwa kwenye ile safu ya maelezo marefu. Nikaihamisha bila safu hiyo. Maelezo yalipotea, ila majina na pesa zilikuja. Kazi ilinichukua usiku mzima mpaka daku, na kesho yake mimi na ami tukapitia daftari mstari kwa mstari.

Yako ikikataa hata kuvutwa namna hiyo, jaribu programu iitwayo mdbtools kwenye Linux. Ni ya bure, na pengine husoma majedwali ambayo Access yenyewe imeshindwa, ikayatoa kama CSV unayoweza kuifungua kwa Excel.

Siku hizi majedwali yetu yamekaa kwenye kompyuta moja yenye UPS (betri inayoishikilia stima ikipotea), fomu ziko kwenye kila mashine, na katikati kuna waya. Wayalesi kwa Access siitaki tena, kwa sababu mawasiliano yakikatika faili ikiwa inaandikwa, kipande kinachoandikwa hubaki nusu. Kila jioni kabla ya kufunga duka, ami mwenyewe huniuliza flashi iko wapi.

Anza na Notepad leo, uniandikie mstari wa kwanza unasomaje na mwisho wa jina la faili ni .mdb au .accdb. Nikijua hayo nitakuambia pa kuendelea.