Safari ya kwanza ya gari-nyumba milimani: anza kwa kupanga mteremko

Baba yangu aliendesha lori kati ya Dar es Salaam na Tunduma kwa miaka mingi, na sikuwahi kumsikia akilalamikia kupanda mlima wa Kitonga. Kupanda, alisema, ni kazi ya injini. Wewe unakaa tu na kusikiliza. Kilichomfanya azime redio na kumwambia utingo anyamaze ni kushuka. Gia unayoihitaji kupandia ndiyo ya kushukia, na unaiweka ukiwa bado juu.

Maneno hayo niliyakumbuka nikiwa nimeshachelewa, mwezi Septemba, kwenye mteremko wa Zirler Berg nchini Austria, nikiwa kwenye usukani wa gari-nyumba la kukodi lenye watoto wawili nyuma. Barabara ile inatoka Seefeld na kushuka hadi bonde la mto Inn kwa mteremko wa asilimia 16, yaani kila mita 100 unazosogea mbele, umeshuka mita 16. Pembeni wamejenga njia za dharura za kuingia gari lililopoteza breki. Programu ya ramani kwenye simu haikunionya. Yenyewe iliona njia fupi, basi. Katikati ya mteremko ikaja harufu kama ya pasi iliyosahaulika juu ya nguo. Mume wangu akageuka kuwauliza watoto wamechoma nini. Zilikuwa breki.

Hatukupata ajali. Nilipunguza gia, nikapata sehemu ya kusimama, tukakaa pale nusu saa nzima tukinywa chai ya tangawizi bila kuzungumza sana. Ila tangu siku ile, rafiki akinipigia kuniuliza aanzie wapi kupanga safari ya kwanza ya milimani, simwambii habari za mapazia wala taa za mapambo. Namwambia achukue ramani atafute miteremko. Umetoka wapi, umefika urefu gani, unashukia wapi, na saa hiyo dereva atakuwa amechoka kiasi gani. Sisi tulikuwa tumepanga mteremko ule mwisho wa siku, baada ya kuzunguka mjini Mittenwald tangu asubuhi. Lilikuwa kosa. Ukifika juu jioni, lala juu. Shuka asubuhi, ukiwa umekula na akili imetulia.

Namna yenyewe ya kushuka si siri. Kabla mteremko haujaanza, ingia gia ya pili au ya tatu, injini ilie, iache ilie. Gari likizidi mwendo, kanyaga breki kwa nguvu kwa muda mfupi, kisha achia zipoe. Ukiziegemea taratibu kutoka juu hadi chini, zinachemka. Kama gari ni la otomatiki, uliza siku ya kulichukua namna ya kuizuia gia isipande yenyewe. Uliza pia mafuta ya breki yalibadilishwa lini, kwa sababu yanavuta unyevu kadiri yanavyozeeka, na yenye maji huchemka mapema. Nilipouliza hilo mara ya pili nilipokodi, kijana wa kaunta alinitazama kama mkaguzi wa serikali. Mwache atazame.

Nililokuwa nimefanya sawasawa, kwa bahati, ni mizani. Mfanyakazi mwenzangu hospitalini huku Ujerumani, mzee wa Kibavaria anayekwenda milimani kila mwaka, alinishauri nilipime gari likiwa limeshapakiwa. Nikadhani ni yale mambo ya Wajerumani ya kupima kila kitu. Nikaenda.

Hesabu ndiyo hii. Kwa leseni ya daraja B huku Ulaya mwisho wako ni kilo 3,500, gari na vyote vilivyomo. (Yule mzee ana leseni ya Kijerumani ya kabla ya 1999, kwa hiyo anaruhusiwa hadi tani 7.5. Sisi tuliokuja juzi hatuna bahati hiyo.) Karatasi za gari letu zilisema kilo 3,020, na hapo tayari ameshahesabiwa dereva wa kilo 75, dizeli, gesi na maji lita 20 tu. Zinabaki kilo 480, na ukizisoma unajiona tajiri. Sasa mtoe mume wangu, kilo 92. Watoto kwa pamoja, 60. Jaza tangi la maji liwe lita 100, umeongeza kilo 80. Baiskeli nne na kibebeo chake, 80. Meza, viti na turubai la kivuli, 40. Bado hujaweka nguo, mablanketi, vyombo, vitabu vya watoto, na ule mchele ambao mama yeyote wa Kitanzania hubeba kana kwamba Austria hakuna maduka. Mizani ikasoma 3,610.

Baiskeli zikarudi nyumbani siku hiyohiyo, na kelele zilizotokea nitaziacha. Tukamwaga na lita 40 za maji, maana kila kiwanja cha kulala kina bomba. Ikasoma 3,490. Mizani ya namna hiyo utaipata kwenye vituo vya kupokea taka au kwenye maghala ya wakulima. Malipo ni kidogo. Polisi wa Austria nao wanayo ya kwao, na ukikutwa umezidisha hutaachiwa kwa kuwaonyesha watoto. Zaidi ya faini, kumbuka breki: kila kilo uliyoipandisha mlimani, breki zinakuja kuibeba wakati wa kushuka. Mimi nilikuwa ndani ya sheria na bado zilinuka.

Suala la leseni nilipitie haraka. Ukihamia Ujerumani, leseni ya Tanzania au Kenya unaitumia miezi 6 tu, baada ya hapo unafanya mtihani wa nadharia na wa barabarani upya. Ukiwa unapanga safari ya mwaka ujao na bado hujaanza, anza leo.

Na ushuru wa barabara: Austria unahitaji vinyeti, yaani kibali cha ushuru, kabla gurudumu halijagusa barabara kuu za kasi (Autobahn), na njia ya Brenner ya kwenda Italia inalipiwa peke yake, nje ya vinyeti. Gari linaloruhusiwa kuzidi kilo 3,500 lina utaratibu mwingine kabisa, wa kifaa kinachohesabu kilomita. Hiyo ni sababu nyingine ya kutokodi dude kubwa mara ya kwanza.

Ratiba yetu ya kwanza ilikuwa kichekesho. Siku saba: Mittenwald, Innsbruck, Brenner, Dolomiti (milima ya Italia), kuzunguka hadi mlima Grossglockner, Zell am See, nyumbani. Niliipanga mezani jikoni kwa kuhesabu kilomita, na kilomita milimani hazina maana. Kwenye kona zile unakwenda 30, labda 40 kwa saa, kuna mtu na baiskeli mbele yako na basi linakuja. Baada ya Zirler Berg tukaikata katikati. Italia ikatoka yote. Mume wangu alinuna kuhusu Dolomiti kwa siku moja, halafu akagundua kwamba kukaa sehemu moja siku mbili kunampa nafasi ya kulala mchana.

Sasa baridi. Mimi ni mtu wa Njombe. Nimekua nikiona barafu juu ya majani asubuhi ya Juni na Julai, na nilikuja Ulaya na dharau kidogo kwa wanaotetemeka. Usiku wa nne tulilala kwenye bonde la Fusch, chini ya Grossglockner, nikazima hita ili kuokoa gesi. Blanketi zipo, tutabanana. Asubuhi nafungua bomba, pampu inalia, maji hayaji, na mtoto yuko nje anapiga kelele: "Mama, Kobe anakojoa!" (Kobe ndilo jina walilolipa gari, kwa kuwa amebeba nyumba yake.) Maji yote yalikuwa yanamwagika chini.

Nikadhani tumepasua bomba, nikaanza kuhesabu amana yetu iliyoshikiliwa. Mzee wa gari la jirani akaja na kikombe chake cha kahawa, akafungua kabati lililo karibu na boila, akanionyesha valvu ndogo. Kazi yake ni kumwaga maji ya boila yenyewe joto likishuka karibu na nyuzi 3, ili maji yasigande ndani na kuipasua. Haikuwa imeharibika, ilikuwa imetuokoa. Na haikubali kufungwa mpaka pale ilipo pawe na joto kidogo, kwa hiyo kuibonyeza kwa hasira hakusaidii. Washa hita, fungua mlango wa kabati hewa ya moto iingie, subiri, kisha funga. Tangu hapo hita yetu inabaki chini kabisa usiku kucha.

Ya gesi ni jambo lingine la kuuliza kabla ya kuondoka: mtungi una propani au butani? Butani inakataa kugeuka mvuke joto likikaribia sifuri, na utajikuta una mtungi mzito, jiko limezima. Propani inaendelea hadi nyuzi 42 chini ya sifuri. Ukienda milimani, hata mwezi wa tisa, dai propani.

Friji pia ina tabia zake. Nyingi za magari haya hutumia umeme wa gari ukiwa unaendesha, umeme wa nje ukiwa kiwanjani, na gesi ukiwa huna vyote viwili, na aina hiyo haipoi vizuri gari likiwa limeinama. Beba kabari za kuweka chini ya matairi. Utazipenda pia usiku, maana kulala kichwa kikiwa chini ya miguu ni adhabu.

Maharage pika nyumbani uyagandishe. Juu kule maji yanachemka kabla hayajawa na moto wa kutosha: kwa kila mita 300 unazopanda unapoteza takriban nyuzi 1. Mtu wa Njombe anajua maharage yanavyochukua muda, ila nyumbani kuna kuni. Kwenye Kobe kuna mtungi mmoja wa gesi inayohitajika pia kupasha joto na kuoga. Wali unaiva, ila kwa subira.

Kuhusu kulala: Ujerumani unaweza kusimama usiku mmoja mahali panaporuhusiwa kuegesha ili upate nguvu ya kuendelea na safari, bila kutoa viti na meza nje. Mkoa wa Tirol, upande wa Austria, hauruhusu kupiga kambi nje ya viwanja rasmi. Wengi hudhani ni sheria ileile kwa kuwa lugha ni ileile. Tafuta kiwanja, Wajerumani wanakiita Stellplatz, na ufike kabla ya saa kumi alasiri wakati wa likizo za shule. Na andika kimo na upana wa gari kwenye karatasi, bandika karibu na usukani. Letu lilikuwa na kimo cha karibu mita 3; mbele ya daraja dogo hutakuwa na muda wa kutafuta mkataba.

Siku ya tano tukapanda barabara ya Grossglockner. Ilifunguliwa 1935, ina urefu wa kilomita 48 na kona 36 kali, kila moja na namba yake, kwa hiyo watoto walikuwa na kazi ya kuhesabu badala ya kutapika. Usiku inafungwa, majira ya baridi inafungwa kabisa, na getini unalipa, tena si kidogo. Kabla ya kupanda tuliacha turubai, meza na viti kiwanjani na kumwaga maji karibu yote. Tukasimama Fuscher Törl, mita 2,428, tukavaa makoti, tukapanda kwa miguu hadi kilele cha Edelweissspitze. Theluji ya usiku ilikuwa bado kwenye majani. Mkubwa akauliza kama huu ni mrefu kuliko Kilimanjaro. Nikamwambia kilele cha Grossglockner ni mita 3,798, afanye hesabu mwenyewe.

Kisha nikampigia baba simu ya video, nikamwonyesha barabara inavyojikunja kule chini. Hakusema ni nzuri. Akauliza, "Una gia gani?"

Tulishuka zaidi ya mita 1,200 kwa gia ya pili, nikisimama mara mbili kugusa hewa ya magurudumu kwa kiganja. Nyuma yangu kulikuwa na foleni ya magari manne; kila nilipopata nafasi pembeni nikayaachia yapite. Hakuna harufu iliyotoka.

La mwisho, ambalo hakuna anayelisema kwenye picha nzuri: kaseti ya choo, yaani kasha linalopokea uchafu wa choo. Inaingia lita 20 hivi, kwa familia ya watu wanne inajaa kwa siku mbili, na inamwagwa sehemu maalumu tu. Amueni kabla ya kuondoka ni kazi ya nani. Kwetu aliyeng'ang'ania baiskeli ndiye aliyepewa, na mwaka ujao anataka Dolomiti, akisema kaseti atabeba, ila na baiskeli zije. Nimemwambia tutaongea mizani.